Haki ya Kazi na Haki ya Mwili katika Safari za Ugenini

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Jumuiya, Buyenzi, Bujumbura)

Bismillahi Rahmani Rahim.



Halmashauri ya Jumuiya yetu imeniomba niseme maneno machache katika mkutano huu wa kumbukumbu. Nilipoulizwa mara ya kwanza nilisita, nikasema: Nitasema nini mbele ya watu walionizidi elimu na umri? Nikajibiwa: Usituhubirie, tueleze habari za kazi yako. Basi kazi yangu mwaijua nyote. Mimi ni mfanya biashara mdogo wa mji huu, na kwa miaka mingi nimekuwa nikienda nchi za watu kununua bidhaa na kurudi nazo. Nimeona katika safari hizo jambo moja linalotupotezea mali, na afya, na pengine hata dini, nalo ni hili: hatujui kugawa siku za safari baina ya kazi na mapumziko. Hilo ndilo nitakalolisema leo, na mkiona nimekosea, mnisahihishe kwa wema.

Wazee wetu wana msemo: Msafiri kafiri. Hawakukusudia kumtoa mtu katika dini yake. Walikusudia kwamba safari humvua mtu mazoea yake yote. Nyumbani mtu hulala kwa saa zake, hula kwa saa zake, husikia adhana ya msikiti wa mtaani akaacha alilo nalo. Akisafiri, adhana huisikia kwa mbali au hasikii kabisa, chakula hula akikumbuka, na usingizi huupata akiangukiwa nao. Na watu wakiisha kuvuliwa mazoea huwa wa namna mbili. Mmoja hujiona amefunguliwa kamba, akacheza. Wa pili hujiona yu katika mbio, akakimbia mpaka akaanguka. Wote wawili nimewaona, na mmoja wao ni mimi mwenyewe.

Lakini kwanza nataka tutazame walivyosafiri waliotutangulia, maana mji wetu huu umezaliwa na safari. Wengi wetu hapa Buyenzi tukihesabu babu zetu hatufiki mbali kabla ya kutaja Ujiji, au Manyema, au pwani ya Mrima. Watu hao walikuja kwa miguu na kwa mitumbwi, na kazi yao ilikuwa ngumu kuliko yetu. Hata hivyo safari zao zilikuwa na mapumziko ndani yake, watake wasitake. Msafara wa kutoka pwani kuja ziwani ulikwenda miezi mingi. Wazungu wawili, Burton na Speke, waliondoka pwani mwezi wa Juni mwaka 1857 pamoja na watu wa msafara wao. Tabora wakafika Novemba, wakakaa huko yapata mwezi mzima, na Ujiji wakafika Februari mwaka 1858. Hapakuwa na mpagazi awezaye kubeba mzigo siku zote bila ya kuutua. Kambi ilikuwa sehemu ya njia, na Tabora palikuwa mahali pa kupumua.

Kadhalika watu wa majahazi. Pepo za kaskazi ziliwaleta kutoka Arabuni, nao hapana budi walingojea kusi iwarudishe. Katika kungojea huko waliuza na kununua, walikarabati vyombo vyao, walizuru jamaa, walisoma, walilala. Na baadaye, reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, na meli Liemba ilipoanza kwenda na kurudi ziwani kwa jina hilo mwaka 1927, bado msafiri alikuwa na siku nzima za kukaa kwenye behewa au sitahani akitazama maji, kazi yake ikimngojea mbele. Upepo na miguu na moshi wa meli vilimpumzisha mtu kwa lazima.

Sasa tazameni safari yetu ya leo. Mtu hufunga duka lake saa kumi ya alasiri, hupanda ndege, hupitia Addis Ababa au Nairobi usiku, na kesho yake yumo Dubai, katika masoko ya Deira, na mkoba wa fedha kifuani. Mwili umefika, lakini macho yamebaki angani. Naye hana kambi, hana Tabora, hana pepo za kungojea. Ana siku sita za viza na hoteli, na kila siku hulipiwa fedha. Ndege imetuondolea urefu wa njia, ikatuondolea pamoja nao mapumziko yaliyokuwamo katika njia. Basi mapumziko ambayo zamani yaliwekwa na upepo, leo yapasa tuyaweke wenyewe kwa akili zetu. Na tusipoyaweka, hayapo.

Ndugu zangu, sasa nitaeleza kisa changu.

Mnakumbuka nyote siku ile ya tarehe 27 Januari mwaka 2013, soko kuu la mji wetu lilipoungua. Sina haja ya kuieleza. Wako humu ndani watu waliosimama barabarani siku hiyo wakatazama jasho la miaka ishirini likigeuka moshi. Mimi nami nilikuwa na meza yangu humo. Baada ya hapo wengi tulianza upya, wengine Ruvumera, wengine mbele ya milango ya nyumba zao. Mwaka uliofuata nilikusanya nilichokuwa nacho, nikaongezewa na jamaa watatu, nikaenda Dubai kwa mara ya kwanza kununua viatu vya watoto. Mmoja katika hao watatu alikuwa mama mjane wa mtaani petu, aliyeniletea fedha zake zimefungwa katika kitambaa, akasema: "Mwanangu, hizi ndizo nilizo nazo. Nakupa kwa sababu najua wewe si mtu wa starehe."

Neno lake lile likaniingia moyoni kwa namna isiyokuwa sawa. Nikaapa kwamba sitastarehe hata dakika moja. Nilifika alfajiri, sikulala, nikaenda sokoni moja kwa moja. Siku tano nilikwenda duka kwa duka tangu asubuhi hata usiku wa manane. Chakula mara moja kwa siku. Sala nilizisali mwisho wa nyakati zake, nazo nilizisali kwa kukamilisha rakaa nne nne, nikidhani kwamba kuchukua ruhusa ya msafiri ni uvivu. Kwa hakika nilijiona mtu mwema sana.

Usiku wa tano nikapata bei niliyokuwa nikiitafuta. Nikaonyeshwa viatu vya kila nambari, tangu 24 hata 35, nikaletewa ankara, nikaitia sahihi, nikalipa. Bidhaa zikaenda kwa meli hata Dar es Salaam, zikapanda gari, zikafika hapa baada ya wiki nyingi. Tulipofungua katoni, zote zilikuwa za nambari moja: 24. Nikaitafuta ankara. Ilikuwa imeandikwa wazi, kwa tarakimu kubwa, 24, na sahihi yangu iko chini yake. Mwenye duka hakunidhulumu. Karatasi ilisema kweli, na mimi sikuisoma, kwa kuwa macho yaliyoitazama karatasi ile hayakuwa yamelala usiku mzima hata mara moja tangu nilipotoka nyumbani.

Viatu vile niliviuza kwa hasara kidogo kidogo. Fedha za yule mama nilizilipa kutoka mfukoni mwangu, na ilinichukua miezi kumi na minne. Siku niliyomkabidhi fungu la mwisho nilimweleza jinsi nilivyojinyima kwa ajili yake. Akanitazama kwa huruma, akasema: "Mwanangu, mimi sikukuomba usilale. Nilikuomba uangalie."

Wallahi, neno hilo sijalisahau. Nilikuwa nimemletea kuchoka kwangu kama kwamba ni hidaya, naye alikuwa na haja ya macho yangu tu.

Kisa cha pili ni cha kijana mmoja wa mji huu, ambaye simtaji. Yeye alipewa fedha na jamaa zake akaenda Guangzhou, huko Uchina, siku kumi. Siku sita za kwanza alitembea. Akapanda juu ya majumba marefu, akapiga picha, akazipeleka nyumbani kwa simu. Jamaa waliompa fedha waliona picha zake kabla ya kuona mizigo. Siku nne zilizobaki alikimbia kama mtu anayefukuzwa, akanunua alichokikuta, kwa bei aliyoambiwa. Nilizungumza naye baadaye, nami sikumlaumu, maana sikuwa na haki ya kumlaumu mtu. Nikamwuliza tu: "Mdogo wangu, zile siku sita ulizifurahia?" Akanyamaza kidogo, akasema: "Kaka, kwa kweli hata sikuzifurahia. Kila nilipokaa nilikumbuka kazi, na kila nilipokumbuka kazi niliogopa, nikaenda kutembea tena ili nisahau."

Basi, ndugu zangu, mwaona kwamba mimi na yeye ugonjwa wetu ni mmoja. Mimi niliinyima mapumziko haki yake, kazi ikaharibika. Yeye aliinyima kazi haki yake, mapumziko yakaharibika. Hatukupima.

Na dini yetu imetupimia zamani. Masheikh wetu watanisamehe nikitaja mambo wayajuayo kuliko mimi. Katika mwisho wa Suratul Muzzammil, Mwenyezi Mungu aliwapunguzia waumini kisimamo cha usiku, na katika sababu zilizotajwa mna maradhi, mna vita, na katikati yake mna wale wanaosafiri katika ardhi wakitafuta fadhila zake. Yaani mfanya biashara msafiri ametajwa kwa uchovu wake, na uchovu wake umehurumiwa. Katika Suratun Nisaa tukaruhusiwa kupunguza sala safarini; katika Suratul Baqara msafiri akaruhusiwa kufungua Ramadhani akalipa siku nyingine. Hata katika Hija tukaambiwa hapana ubaya mtu kutafuta fadhila za Mola wake, na Ijumaa tukaamrishwa kuacha kuuza na kununua iitwapo sala, kisha tukaruhusiwa kutawanyika kutafuta riziki sala iishapo. Pima juu ya pima. Kila mahali kazi imepewa mlango, na mlango umewekewa komeo.

Nanyi mwakijua kisa cha Salman Al-Farisy na Abud Dardai, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yao. Salman alimkuta ndugu yake amejitoa kwa ibada hata amesahau kulala, na kula, na ahali zake. Akamlazimisha kula, akamlazimisha kulala, kisha akamweleza kwamba Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki juu yake, na ahali zake wana haki juu yake, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Habari zikafika kwa Mtume, sala na amani zimshukie, naye akasema Salman amesema kweli. Ikiwa aliyechoka kwa ibada alirudishwa kwenye kipimo, sisi tunaochoka kwa viatu na vitenge tutajitetea kwa nini?

Yule aliyenifundisha kuyatia mambo haya katika kazi ni mzee mmoja wa Kigoma, mfanya biashara wa siku nyingi, tuliyekutana naye mara nyingi katika njia ya Dar es Salaam. Nilimweleza habari ya nambari 24. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akasema:

"Mwanangu, wewe uliandika daftari la fedha?"

"Naam, mzee, niliandika kila senti."

"Na daftari la siku, uliandika?"

"La, mzee. Siku zaandikwaje?"

"Zaandikwa kama fedha. Mali bila daftari hupotea bila habari, na siku za safari ni mali. Mimi kabla sijaondoka nimekwisha kujua siku gani nitalala, siku gani nitanunua, na siku gani nitatembea nikaona nchi ya watu. Nikifika huko sina la kuamua, nafuata daftari. Mtu akiamua ugenini, huamuliwa na uchovu au na tamaa."

Tangu siku hiyo nafuata daftari la mzee yule, na nataka niwaachie mambo yake, labda yatamfaa mmoja wenu.

La kwanza ni mapatano ya kabla ya safari. Ikiwa fedha ni zako peke yako, jambo ni jepesi. Lakini wengi wetu twabeba fedha za watu kwa kugawana faida. Wanavyuoni wametuonyesha kwamba jambo hili si la kuachwa hivi hivi. Katika madhehebu yetu ya Shafii, aliyepewa mtaji hasafiri nao ila kwa idhini ya mwenye mali, na kauli iliyo na nguvu ni kwamba matumizi ya nafsi yake safarini hayatoi katika mtaji. Wengine, kama Hanafi na Maliki, wamemruhusu kwa kiasi cha ada. Basi kaeni chini kabla ya kuondoka, mwenye mali na msafiri, msemezane: hoteli atalipa nani, chakula atalipa nani, na siku za safari ni ngapi. Siku ya kupumzika nayo isemwe wazi. Kijana yule wa Guangzhou hakuogopa kupumzika. Aliogopa kwa sababu alipumzika kwa siri.

La pili: siku ya kufika si siku ya kununua. Fika, oga, sali, ule, ulale. Jioni toka utembee kidogo sokoni bila ya kubeba fedha, uulize bei tu. Mtu asiye na fedha mfukoni haibiwi wala hashawishiki, na kesho yake huenda akijua njia.

La tatu: sala ziwe mifupa ya siku. Aliye katika safari halali ya masafa yatambulikanayo, na hakukusudia kukaa mahali pamoja siku nne kamili zisizohesabiwa siku ya kufika na ya kuondoka, ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya. Habari zake kamili waulizeni masheikh, maana aendaye Uvira asubuhi akarudi jioni si sawa na aendaye Muscat. Lakini mimi nasema kwa kadiri ya kazi yangu: ukikusanya adhuhuri na alasiri, umepata asubuhi nzima ya kazi na kituo cha mchana. Katika kituo hicho kaa chini, ule chakula cha moto. Saa moja unayokaa huirudisha katika bei za mchana, kwa kuwa muuzaji mjuzi humtambua mnunuzi aliyechoka tangu mlangoni.

La nne: Ijumaa iwe Ijumaa popote ulipo. Wako watakaosema kwamba Ijumaa haimlazimu msafiri, nao wamesema kweli. Lakini mgeni mpweke aliyekwenda msikitini ameondoka peke yake akarudi na watu. Katika nchi za Falme za Kiarabu, tangu tarehe 1 Januari mwaka 2022, siku za mapumziko ya serikali zimekuwa Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa kazi huisha mchana. Msafiri na alijue hilo apange mambo ya maofisi mapema. Na katika Guangzhou uko Msikiti wa Huaisheng, mkongwe sana, wenye mnara ambao husimuliwa kwamba uliongoza vyombo vilivyoingia kwa mto. Mfanya biashara wa Bujumbura akisimama safu moja na Mchina na Mwarabu na Mhausa katika msikiti ule, amepumzika mapumziko ambayo hayauzwi dukani. Na huko huko Uchina, angalia kalenda yao: mwaka wao mpya uingiapo viwanda na maduka hufungwa siku nyingi, na mtu asiyejua hulipa hoteli akitazama milango iliyofungwa. Mapumziko ya namna hiyo si mapumziko, ni kifungo.

La tano: iwepo nusu siku ya kuona nchi. Msiione kuwa ni upuuzi. Wako Waswahili waliotutangulia ugenini wakiwa na kazi zao, nao waliona, wakaandika, na hata leo twafaidika. Amur bin Nasur wa Unguja alikwenda Berlin mwaka 1891 kufundisha Kiswahili, akakaa yapata miaka minne, na habari alizoziandika zikapigwa chapa huko huko. Selim bin Abakari, mtu wa asili ya Ngazija, mwaka 1896 alifuatana na bwana wake Mjerumani, Dr. Bumiller, hata Urusi na Siberia. Alikuwa mtumishi, kazi anayo mchana na usiku, lakini macho yake hayakuwa yamefungwa, na habari zake zilitokea katika kitabu mwaka 1901. Kama hao wangalitazama kazi tu, tusingalijua walipita. Basi vuka hori ya Dubai kwa mashua ndogo pamoja na vibarua waendao kazini. Ukaone bandari yao inavyopakua. Uandike lolote jema lifaalo kwetu. Lakini na iwe nusu siku, katikati ya safari, fedha zake zitoke mfukoni mwako, na mahali pawe pale ambapo hungeona haya kukutana na mkweo.

La sita ni la waendao kwa jamaa. Mwenye ndugu Kariakoo au Muscat huona amepata hoteli ya bure. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ndugu huyo naye ana kazi asubuhi, na kukesha kwako ukisimulia habari za nyumbani kwamnyima usingizi wake. Mapumziko yako yasijengwe juu ya uchovu wa mwenyeji.

La saba: siku ya mwisho usinunue kitu. Siku hiyo ni ya kusoma ankara tarakimu kwa tarakimu, ya kuhesabu katoni, ya kufunga mizigo, na ya kulala mapema. Laiti ningalikuwa na siku hiyo mwaka ule.

Haya nayasema kwa wanaume na wanawake sawasawa. Wako dada zetu wafanyao biashara hiyo hiyo, nao wana taabu iliyozidi, maana wakirudi hapana anayewaambia walale. Hungojewa na jiko na watoto. Ewe mume, mkeo akirudi safarini na mzigo salama, siku ile chota maji wewe.

Nimebakiwa na neno moja, nalo ni la kurudi. Yamo katika mafundisho ya Mtume, sala na amani zimshukie, kwamba safari ni fungu la adhabu, humzuilia mtu usingizi wake na chakula chake na kinywaji chake, basi aishapo haja yake na afanye haraka kurudi kwa ahali zake. Tazameni kipimo hiki: hakukataza safari, wala hakuisifu kwa kuisifu tu. Kazi ikiisha, pumziko kubwa kuliko yote liko nyumbani.

Nimkumbukapo Ibn Battuta huona uzito wa maneno hayo. Aliondoka kwao Tangier mwaka 1325, kijana wa miaka ishirini na mmoja, akiikusudia Hija. Mwaka 1331 alifika Mombasa na Kilwa katika pwani yetu. Akawa kadhi Delhi, akawa kadhi katika visiwa vya Maldive, akaona alichoona. Hakuwa mvivu, na dunia yote yamshukuru kwa kutembea kwake. Lakini alipofika Damascus katika kurudi, mwaka 1348, akaambiwa kwamba baba yake alikwisha kufa miaka kumi na mitano iliyopita. Na alipokaribia kwao, mwaka 1349, akaambiwa kwamba mama yake naye amekufa kwa tauni, miezi michache tu kabla yake. Aliona dunia, hakuwaona wazazi wake. Nasi wadogo, ambao hatuandiki vitabu, twaongeza wiki moja, twaongeza nyingine, kwa bei moja zaidi au kwa matembezi mamoja zaidi, na nyumbani kuna mzee anayehesabu siku kwa vidole.

Ilikuwa desturi ya Mtume arudipo safarini kuanza msikitini, akasali rakaa mbili. Mimi leo nikishuka, kabla sijafungua mzigo wala kuhesabu fedha, napita msikitini. Katika rakaa hizo mbili ndipo mwili unapojua kwamba umefika. Kisha nakwenda kwa wenye mali, nawakabidhi hesabu, na wakiniuliza: "Ulipumzika?" nawajibu: "Naam, siku ya kwanza nililala, Ijumaa nilisali na watu, na nusu siku nilitembea, yamo katika daftari." Wala hakuna hata mmoja aliyeniona mtu wa starehe.

Yule mama mjane amekwisha kuzeeka sasa. Mwaka jana alinipa fedha tena, zimefungwa katika kitambaa kama zile za kwanza. Safari hii hakusema habari za starehe. Aliniambia tu: "Lala, mwanangu, kisha ununue."

Namwomba Mwenyezi Mungu azibariki safari zetu, awarudishe salama walio njiani, awarehemu waliofia ugenini, na aidumishe Jumuiya yetu hii katika kheri na umoja. Amin.

Wabillahi tawfiq.